Kibarua, Kipande na Kinga: Historia ya Hifadhi ya Mfanyakazi katika Nchi ya Mara

Neno "kibarua" limezaliwa mwambao. Katika Unguja ya karne ya 19, mtumwa aliyekodishwa na bwana wake kwenda kufanya kazi ya kutwa, ama ya kubeba mizigo forodhani, ama ya kusafisha sandarusi katika maghala ya wafanyabiashara wa kigeni, alipewa karatasi ndogo iwe ushahidi kwamba amefanya kazi siku ile. Jioni aliirejesha karatasi akapokea ujira, na sehemu ya ujira huo ikawa haki ya bwana wake. Karatasi ile ndiyo iliyoitwa barua ndogo, yaani kibarua. Kisha jina la karatasi likamshukia mtu mwenyewe. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, lakini neno halikufutwa. Lilipanda majahazi na misafara, likaenda bara, na leo hii mtu wa Musoma anayeamka alfajiri kutafuta kazi ya siku moja husema kwamba anakwenda kutafuta kibarua, wala hajui kwamba anataja karatasi ya forodhani.

Nimeanza na neno kwa sababu historia ya mfanyakazi katika nchi yetu, kwa sehemu kubwa, ni historia ya karatasi alizopewa. Kila zama zilikuwa na karatasi yake, na kila karatasi ilimhesabu mtu kwa ajili ya jambo fulani: kumlipa, kumtoza kodi, au kumzuia asitoroke. Karatasi iliyokusudiwa kumkinga siku atakapougua, atakapovunjika mguu au atakapozeeka ilikuja kwa kuchelewa, na ilipokuja iliwafikia wachache. Makala haya yanaitazama historia hiyo katika nchi ya Mara, hasa Musoma, Bunda na Butiama, mahali ambapo mawazo makubwa ya haki ya mfanyakazi yalipata kulelewa, na ambapo hata hivyo wafanyakazi wengi mpaka sasa wamo nje ya ua wa hifadhi ya jamii.

Kabla ya karatasi

Wakazi wa nchi hii iliyo mashariki ya Ziwa Victoria ni wengi kwa majina: Wazanaki, Wajita, Wakwaya, Waikizu, Wakabwa, Wangoreme, Waikoma, Wakurya, Wajaluo na wengineo. Wako waliotegemea ziwa, wako waliotegemea mtama na ulezi, na wengi walitegemea ng'ombe. Kwa hao wote, kinga ya mtu ilikuwa watu. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi moja. Aliwagawa kwa marafiki na jamaa wa vijiji vya mbali, ili ugonjwa au wavamizi wakija asipoteze kila kitu siku moja. Aliyepokea alikunywa maziwa na kupata samadi, na aliyetoa alibakiza mbegu ya mali yake. Hali kadhalika, rika la vijana waliotahiriwa pamoja lilifungwa kwa ahadi ya kusaidiana maisha yote, katika kulima, katika vita na katika mazishi.

Kwa Wakurya na baadhi ya majirani zao kulikuwa na desturi nyingine, ambayo msomaji wa mwambao huenda akaistaajabia. Mwanamke aliyefika uzeeni bila ya mtoto wa kiume aliweza kutoa mahari ya ng'ombe akaoa msichana. Watoto wa msichana yule wakahesabiwa kuwa wa nyumba ya bibi, wakamlimia, wakamtunza na kumrithi. Desturi hiyo huitwa nyumba ntobhu. Wako wanaoisifu kuwa ni hekima ya wazee, na wako wanaoilaumu kwa kuwa msichana huyo aghalabu hakuulizwa hiari yake, na kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haiitambui ndoa isiyo ya mume na mke. Ila tukiitazama kwa jicho la mada yetu, tutaona kwamba shabaha yake ni ileile ya pensheni. Bibi alitumia mali aliyoichuma katika miaka ya nguvu kununua matunzo katika miaka ya udhaifu. Na tutaona pia dosari yake: mzigo wa uzee wa mtu mmoja uliwekwa juu ya mwili wa mtu mmoja mwingine, naye mara nyingi alikuwa msichana wa nyumba maskini.

Mwezi Aprili 1962 Julius Nyerere, mwana wa Butiama, aliandika kijitabu chake juu ya ujamaa, akieleza kwamba katika jamii ya jadi kila mtu alikuwa mfanyakazi, na kwamba tajiri na maskini wote walipata usalama wao kutokana na jamii waliyomo. Akaikumbusha methali ya Kiswahili isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maneno hayo yana ukweli mkubwa, na aliyeyaandika aliyaona kwa macho katika boma la baba yake, Mtemi Nyerere Burito. Lakini mwanahistoria hana budi kuongeza jambo moja. Kinga ya jadi ilifanya kazi vizuri pale balaa lilipomwangukia mtu mmoja au kijiji kimoja. Balaa lilipowaangukia wote, haikuweza. Katika miaka ya 1890 sotoka iliwaua ng'ombe wa Afrika Mashariki kwa makundi, ndui ikafuata, na njaa ikaja nyuma yao. Hapo ng'ombe waliogawiwa marafiki wa mbali walikufa sawa na waliobaki zizini. Watu wa Mara walikimbilia Usukuma na visiwa vya ziwa kutafuta chakula. Yule asiyekuwa na jamaa wa kumpokea alipokewa kama mtegemezi tu, na pengine kwa sharti chungu kuliko hilo.

Somo hili tulihifadhi, kwani tutalihitaji mwishoni: kinga ya ukoo ni ya kweli, bali ni fupi.

Mabepari, jahazi na ng'ombe

Nyerere alikuwa pia mfasiri, na sisi tunaoifanya kazi hiyo tuna haki ya kumdai kuwa ni mwenzetu. Mwaka 1969 ilichapishwa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare aliyoiita "Mabepari wa Venisi". Neno "bepari" lilifika pwani yetu kutoka Bara Hindi likiwa na maana ya mfanyabiashara tu. Kufikia wakati wa tafsiri ile lilikwisha kubeba lawama. Mchezo wenyewe, tukiuacha ugomvi wa dini uliomo, ni mchezo wa hatari na dhamana. Antonio anajitapa mwanzoni kwamba mali yake haikuwekwa katika chombo kimoja wala bandari moja, kwa hiyo hana wasiwasi. Ni hesabu ileile ya mfugaji wa Butiama aliyegawa ng'ombe wake. Kisha habari zinafika, chombo baada ya chombo, kwamba vimepotea, na deni lake anatakiwa alilipe kwa nyama ya mwili wake.

Mtu wa kawaida, asiye na merikebu wala ng'ombe, hana kitu kingine cha kuweka rehani ila mwili huo. Mpiga makasia, mchimba dhahabu, mbeba magunia, wote huweka rehani mgongo. Kiswahili chetu kililijua hilo mapema, ndiyo maana malipo ya kumaliza utumishi yakaitwa kiinua mgongo: kitu cha kumnyanyua aliyeinama miaka mingi. Sijui lugha nyingi, lakini katika zile ninazozisoma sijakuta neno linalosema jambo hili kwa uwazi zaidi. Swali ni nani aliyepewa kiinua mgongo, na nani aliachwa ameinama.

Kipande

Wadachi walileta kodi ya nyumba mwishoni mwa karne ya 19, nayo ilitakiwa kulipwa. Asiyekuwa na fedha alilazimika kuitafuta mahali fedha ilipo: shambani kwa mzungu, barabarani au mgodini. Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia waliendeleza kodi, na mwaka 1923 wakatunga sheria ya mabwana na watumishi wenyeji. Sheria hiyo ilifanya kuacha kazi kabla ya mkataba kwisha kuwa kosa la jinai. Mtumishi alipewa karatasi yenye nafasi 30, moja kwa kila siku ya kazi. Msimamizi alitia alama siku ilipokamilika kwa kadiri yake yeye. Siku aliyoiona pungufu haikutiwa alama. Alama zikitimia 30, mshahara wa mwezi hulipwa, hata kama mwezi huo umechukua wiki sita za kalenda. Karatasi hiyo iliitwa kipande.

Katika nchi ya Mara kipande kilijulikana zaidi kwenye dhahabu. Migodi ya Buhemba na Kiabakari, ambayo leo imo katika Wilaya ya Butiama, ilichimbwa chini ya ukoloni wa Kiingereza na ikaendelea hadi miaka ya 1960. Vijana wa vijiji vya jirani walishuka mashimoni kwa msimu, wakarudi kulima, wakashuka tena. Serikali ya kikoloni na makampuni waliupenda mtindo huo kwa sababu ulikuwa rahisi kwao. Mshahara ulikadiriwa kana kwamba mfanyakazi ni kapera asiye na mke wala mtoto, na kwamba akiugua au akizeeka kijiji kitamtunza. Kwa maneno mengine, ulezi wake wa utotoni na matunzo yake ya uzeeni viligharimiwa na jembe la mke na mama, ilhali dhahabu ilikwenda kwingine. Huo ndio msingi wa mambo mengi yaliyofuata. Ukoo uligeuzwa kuwa mfuko wa pensheni usio na mchango wa mwajiri.

Mabadiliko yalianza taratibu. Mgomo wa wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam wa mwaka 1947 na mgomo mkuu wa Unguja wa mwaka 1948 iliwaonyesha watawala kwamba mfanyakazi wa mjini hakuwa tena mpita njia. Mwaka 1948 Tanganyika ilitunga sheria ya fidia kwa wafanyakazi, ili aumiaye kazini alipwe na mwajiri wake. Ilikuwa hatua, bali ilimtaka mdai awe na mwajiri anayejulikana na jeraha linaloonekana. Vumbi lililokaa kifuani na kuua baada ya miaka 15 halikuwa rahisi kulithibitisha kwa mtu aliyekwisha kurudi kijijini, na kipande chake kimekwisha kuliwa na mchwa.

Senti za pamba

Wakati kipande kinahesabu siku za wachimbaji, wakulima wa pamba wa Bunda, Ukerewe na Usukuma walianza kuhesabu kwa namna nyingine. Walidai mizani ya haki. Vyama vyao vya ushirika viliungana mwaka 1955 katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani, mzaliwa wa upande huohuo wa Musoma, nalo likahesabiwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika. Katika bei ya kila kilo ya pamba zilikatwa senti chache, na senti hizo zikaendesha vyama na mitambo ya kuchambulia pamba, na nyingine zikasaidia mambo ya jamii.

Hapa ndipo mahali ambapo, kwa maoni yangu, historia yetu ilifungua mlango kisha ikaupita bila kuingia. Mkulima wa Bunda hakuwa na mwajiri wala stakabadhi ya mshahara. Hakuwa na kipande. Hata hivyo fedha yake ilifikiwa, kidogo kidogo, kwa mavuno, bila kumsumbua kila mwisho wa mwezi. Njia iliyoweza kukusanya senti za mashine ingeweza pia kukusanya senti za uzee.

Haikuwa hivyo. Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Akiba ya Wafanyakazi ya mwaka 1964, iliyotungwa miaka mitatu baada ya uhuru, iliwaandikia wenye waajiri tu. Nayo haikuwa ya pensheni, bali ya akiba: mwajiri na mwajiriwa walichanga, na mtu alipostaafu alipewa jumla yake pamoja na riba, mara moja. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, mamlaka za mazao zikachukua kazi yao, na wakulima wa Bunda wakashuhudia kwamba kile walichokijenga kwa senti zao kinaweza kuondoka kwa kalamu. Ushirika uliruhusiwa tena kwa sheria ya mwaka 1982, lakini imani hairuhusiwi kwa sheria. Kisha thamani ya shilingi ikaporomoka katika miaka ya 1980. Aliyeweka akiba shilingi za mwaka 1970 alizichukua zikiwa na idadi nzuri na uzito wa pamba. Mfuko huo uligeuzwa kuwa wa pensheni kwa sheria ya mwaka 1997, ukaitwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF.

Wakati huohuo viwanda vilivyotarajiwa kuwaingiza watu wengi katika ajira vilikuwa vikifungwa. Musoma ilijengewa kiwanda chake cha nguo, MUTEX, kilichotazamiwa kuifanya pamba ya Mara ifumwe Mara. Katika miaka ya 1990 kilisimama kama vilivyosimama viwanda vingi vya umma. Waliokuwa wakiingia zamu kwa king'ora walirudi majumbani. Wengine walinunua nyavu, wengine baiskeli za kubeba abiria, na wanawake wengi walikaa ufukweni kuanika dagaa. Kwa lugha ya takwimu walihama kutoka sekta rasmi kwenda isiyo rasmi. Kwa lugha ya nyumbani, walitoka ndani ya ua.

Azimio lililotolewa na ambalo halikutolewa

Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, mji ambao Nyerere alianzia masomo yake mwaka 1934 katika shule ya Mwisenge akiwa na umri wa miaka 12. Hapo lilipitishwa Azimio la Musoma. Liliamua kwamba elimu ya msingi itolewe kwa watoto wote ifikapo mwaka 1977, badala ya kungoja mpaka mwisho wa miaka ya 1980 kama ilivyopangwa awali. Madarasa yalikuwa machache na walimu walikuwa wachache zaidi. Walimu vijana walifundishwa kazi vijijini huku wakifundisha, watoto walisoma chini ya miti, na ubora ulipungua. Kasoro hizo zimeandikwa sana, nami sizikanushi. Lakini kanuni ilikuwa imetajwa: haki hii si ya mtoto wa mwenye mshahara peke yake, ni ya kila mtoto.

Juu ya hifadhi ya jamii kanuni hiyo haikutajwa. Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948 liliipa kila mtu haki ya hifadhi katika ugonjwa, ujane na uzee, na Shirika la Kazi Duniani likaweka viwango vyake katika mkataba namba 102 wa mwaka 1952. Huku kwetu ilidhaniwa kwamba ajira ya mshahara itakua mpaka iwafikie wote, na hifadhi itakuja nyuma yake kama tela nyuma ya lori. Lori halikufika. Mwaka 2012 Shirika hilo la Kazi lilitoa pendekezo namba 202, likizitaka nchi ziweke kwanza msingi wa chini kwa kila mkazi, awe na mwajiri au asiwe naye. Taarifa yake ya mwaka 2024 ilieleza kwamba asilimia 52.4 ya watu duniani wanapata angalau aina moja ya hifadhi. Barani Afrika ni asilimia 19.1.

Ziwa, shimo na pikipiki

Na tuangalie kazi za leo. Katika mwalo wa Mwigobero pale Musoma, au ng'ambo ya Guta katika Bunda, mvuvi wa dagaa hatoki ziwani kila siku. Anavua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kubwa taa yake haina nguvu, hivyo anapumzika. Mapato yake hufuata mwezi wa angani, ilhali michango ya mfuko hufuata mwezi wa ofisi. Halipwi mshahara, hupata fungu baada ya kutolewa gharama za mafuta na chakula na fungu la tajiri mwenye chombo. Akizama, tajiri atasema kwa haki ya maneno kwamba hakumwajiri, waligawana. Mwanamke anayenunua dagaa wabichi na kuwaanika mchangani ana adui mwingine, mvua ya ghafla, inayoweza kuozesha mtaji wa wiki nzima kwa saa moja.

Wavuvi wa sangara walionja hatari ya aina nyingine. Samaki huyo aliyepandikizwa ziwani katikati ya karne ya 20 alileta viwanda vya minofu Musoma na Mwanza. Mwaka 1999 Jumuiya ya Ulaya ilipofunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu, marufuku iliyoondolewa mwaka uliofuata, uamuzi uliotiwa saini Brussels ulishusha bei katika mialo ambayo waliotia saini hawakuijua. Ndiyo sotoka ya zama zetu: balaa linalowapiga wote mara moja, ambalo jirani hawezi kumwokoa jirani.

Buhemba bado pana dhahabu. Wapo mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji, na wote hugawana mawe, si mshahara. Sheria mpya ya fidia ya mwaka 2008, ambayo mfuko wake ulianza kazi mwaka 2015, imeboresha mno haki ya aliyeajiriwa, bali bado husimama juu ya daraja la mwajiri na mwajiriwa. Penye mgawo wa mawe, daraja hilo halionekani. Na katika Bunda, penye njia kuu ya kutoka Mwanza kwenda Musoma na Sirari, kijana wa bodaboda hupeleka hesabu ya kila siku kwa mwenye pikipiki. Bima anayolazimika kuwa nayo humfidia abiria na mpita njia. Yeye mwenyewe akivunjika, bima yake ni mchango wa wenzake wa kijiweni.

Tusiidharau michango hiyo. Vyama vya kufa na kuzikana, VICOBA, upatu, zaka na sadaka ndivyo vinavyowafikisha watu wengi hospitali na kaburini kwa heshima. Ni rika la zamani lililovaa nguo mpya. Lakini lina urefu uleule wa zamani.

Mwezi Desemba 2018 Rais John Magufuli alitoa vitambulisho kwa wafanyabiashara wadogo wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, kwa ada ya shilingi 20,000. Kilikuwa na manufaa ya haraka: mwenye nacho hakusumbuliwa na watoza ushuru. Kwa mara nyingine mfanyakazi wa kutwa alipewa karatasi yake, nayo ilimkinga na askari, si na maradhi wala uzee. Mwaka huohuo mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma iliunganishwa kuwa PSSSF, na NSSF ikaachiwa sekta binafsi pamoja na waliojiajiri. Ndipo nchi nzima ikajifunza neno "kikokotoo", na mabishano yakawa makali juu ya asilimia ngapi ya mafao ilipwe kwa mkupuo, 25 au 50. Baadaye ikawa 33, na mwaka 2024 ikaongezwa. Yalikuwa mabishano ya haki. Ila yalikuwa ya watu waliomo uani, juu ya ukubwa wa chumba. Mvuvi wa Mwigobero hakuwa na cha kukokotoa.

Zamani kidogo niliandika ubeti huu kwa ajili ya watu wa namna hiyo:

Siku mnazihesabu, kwa kipande na kalamu,
Kazi haina taabu, mwili ungali na hamu,
Ni nani atanijibu, nguvu zikiisha humu?
Na miaka ni hesabu, nayo inataka zamu.

Kinga na kinga

Sisi wa visiwani tuna la kuchangia katika mazungumzo haya. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 Serikali ya Mzee Karume iliwawekea wazee wasio na jamaa makazi ya Welezo na Sebleni, ikikiri kwamba uzee wa mtu si deni la ukoo peke yake. Mwezi Aprili 2016 Zanzibar ilianza kumlipa kila mkazi aliyefikia umri wa miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, kutoka katika bajeti ya Serikali, bila kumuuliza alikuwa karani au mkwezi. Baadaye kiwango kilipandishwa hadi 50,000. Si fedha nyingi. Lakini mkulima wa mwani wa Paje na mchukuzi wa bandari ya Malindi hupokea sawa na mwalimu mstaafu, kwa sababu moja tu, kwamba wameishi na wamezeeka hapa.

Tanzania Bara haijafika huko. Ina mpango wa TASAF wa kuzipa ruzuku kaya maskini sana, ulioanza mwaka 2012, na ina Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, ambayo kwa jina lake imeitaja kanuni iliyokosekana mwaka 1974. Njia mbili ziko wazi, na historia ya Mara yenyewe inazionyesha. Ya kwanza ni ya senti za pamba: mchango ukatwe penye mizani, mwaloni siku dagaa wanapouzwa, ghalani siku pamba inapopimwa, na jina la mchangaji limfuate akitoka ziwani kwenda shimoni. Ya pili ni ya Unguja: msingi wa chini ulipwe na kodi ya wote kwa wote. Moja bila ya nyingine haitoshi. Michango peke yake itamwacha asiyepata cha kuchanga. Kodi peke yake itatoa kidogo. Na zote mbili zitashindwa ikiwa watu watakumbuka mwaka 1976 na shilingi zilizoyeyuka, kisha wasione tofauti. Kwa hiyo mwenye kuutunza mfuko ana kazi kabla ya kukusanya: kuwaonyesha wavuvi na wakulima hesabu zake, kwa Kiswahili chao, kila mwaka.

Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Katika methali hiyo kinga ni kijinga cha moto. Kimoja kikiwekwa peke yake huzimika. Ni bahati ya lugha tu kwamba neno hilohilo ndilo tunalolitumia kwa kumaanisha hifadhi, lakini ni bahati yenye maana.

Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka 1977 akiwa na miaka 7, kwa nguvu ya Azimio la Musoma, alizaliwa mwaka 1970. Umri wa kustaafu kwa lazima kwa mtumishi wa umma ni miaka 60, kwa hiyo mtoto huyo atauhitimu mwaka 2030. Wengi wa rika lake hawakupata kuwa watumishi wa umma. Wako ziwani, wako kwenye maduara ya Buhemba, wako katika mashamba ya pamba ya Bunda na chini ya miavuli ya soko la Musoma. Taifa liliwahesabu wote mara moja, walipokuwa watoto, likawaita kwa majina katika daftari la shule. Sasa wanazeeka, na daftari la pili bado halijafunguliwa kwa wengi wao.